Waraka kwa Wanaouza Upana

Kwa waungwana mnaounda na kuuza sonari za kupimia sakafu ya bahari, na kwa ninyi waheshimiwa mnaoandika zabuni za kazi hiyo.



Nawaandikia kwa heshima, na heshima yangu ina sababu. Baharia wa zamani alitupa bildi akapata kina kimoja mahali pamoja, akaivuta, akasogea, akaitupa tena. Kati ya mtupo mmoja na mwingine mwamba mzima uliweza kujificha. Ninyi mmetupatia chombo ambacho kwa mlio mmoja kinapima ukanda mzima, kutoka kushoto kwa meli hadi kulia kwake. Mwaka 1977, meli ya Kifaransa Jean Charcot ilipofungiwa Sea Beam, sonari hiyo ilikuwa na miale 16. Leo tunazungumzia mamia. Mradi wa Seabed 2030 ulipoanza mwaka 2017, sakafu ya bahari iliyokuwa imepimwa ilikuwa kama asilimia 6 tu. Sasa imepita robo, na sehemu kubwa ya vipimo hivyo imetoka kwenye vyombo vya aina mnayounda. Nayasema haya kwanza ili yanayofuata yasidhaniwe kuwa ya mtu asiyeijua thamani ya kazi yenu.

Kinachonikera ni vipeperushi. Kila toleo jipya linatangaza upana: mara 5 ya kina, mara 8, mara 12. Linatangaza idadi ya vipimo kwa kila mlio: 256, 512, 1,024. Linatangaza kwamba linatofautisha umbali hadi sentimita moja au pungufu. Kitu kimoja hukitafuta nisikione, au nikakikuta ukurasa wa mwisho, tarakimu moja isiyo na maelezo: mwelekeo wa mwangwi mnaujua kwa usahihi gani, kwenye pembe ipi, na katika bahari ya namna gani?

Waraka huu utasomwa pia na wasio wa fani, basi niwieni radhi nikieleza mnayoyajua. Sonari hupima vitu viwili: muda na mwelekeo. Sauti inatoka, inagonga chini, mwangwi unarudi. Kwa kuujua mwendo wa sauti majini, muda unatoa umbali. Lakini umbali peke yake bado si kina. Mita 200 kutoka kwenye mkuku zinaweza kuwa chini ya meli moja kwa moja, au zikawa pembeni kabisa, juu ya tumbawe lililo karibu na uso wa maji. Kinachoamua ni pembe ambayo mwangwi ulijia. Muda mnaupima vizuri mno, sina neno. Pembe ndiyo iliyonileta kwenu.

Hesabu yake ni fupi. Ukiikosea pembe kidogo, kosa la kina ni sawa na umbali wa mlalo kutoka meli hadi mahali panapopimwa, mara kosa lenyewe la pembe. Kosa la digrii 0.1 huzaa sentimita 17 kwa kila mita 100 za pembeni. Tazameni kwamba kina hakimo kabisa katika hesabu hiyo. Kiwe mita 20 au mita 1,000, mita 100 za pembeni hudai sentimita zilezile 17. Chini ya meli kosa hili linakaribia sifuri, kisha linakua kadiri mnavyokwenda nje, bila kusimama.

Kwa hiyo mnapotangaza kwamba ukanda umetoka mara 8 ya kina ukafika mara 12, mmetangaza pia, bila kutamka, kwamba kosa la ukingoni limeongezeka kwa nusu, isipokuwa kama mmeboresha pembe kwa kiasi hichohicho. Na kule nje pembe haiboreki, inazorota. Mara 12 ya kina maana yake ni kutazama kwa digrii 80 kutoka wima. Mwangwi wa huko umesafiri mbali, umeiparaza tu sakafu badala ya kuigonga, umerudi dhaifu, na umechanganyika na mwingine uliopiga kwanza uso wa maji ndipo ukawafikia. Mnaomba bei ya juu kwa ajili ya eneo lile lile ambalo chombo chenu kinalijua kidogo kuliko kwingine kote. Sidhani kama mnafanya hivyo kwa nia mbaya. Nadhani mmezoea kuulizwa swali la upana, nanyi mkazoea kulijibu.

Mwelekeo wenyewe hupatikanaje? Mwangwi unaotoka pembeni hufikia kipokezi kimoja kabla ya kingine. Chombo hulinganisha mawimbi mawili na kuangalia lipi limetangulia, na kwa sehemu gani ya mzunguko wake wa kupanda na kushuka. Hiyo ndiyo tofauti ya fezi. Katika sonari ya kilohezi 300 wimbi zima lina urefu wa milimita 5. Vipokezi viwili vikiachana kwa nusu ya wimbi, yaani milimita 2.5, mwelekeo ukihama kwa digrii 0.1 mbele ya kichwa cha sonari, fezi inabadilika kwa digrii 0.3 tu, na kelele ndogo inatosha kuimeza tofauti hiyo. Viachanishwe kwa mawimbi kumi, sentimita 5, na fezi itabadilika kwa zaidi ya digrii 6. Hiyo sasa inapimika. Lakini fezi hujirudia kila mzunguko, kwa hiyo kipimo kilekile kinaweza kuwa kimetoka katika mwelekeo wowote kati ya takriban ishirini. Ukichagua usio wenyewe, kina kinaruka kwa mita nzima nzima. Wahandisi wenu wameshinda kikwazo hiki kwa kutumia jozi kadhaa za vipokezi zenye nafasi tofauti: jozi ya karibu inaonyesha upande, ya mbali inatoa usahihi. Ni kazi ya akili kubwa na nawapongeza kwa dhati.

Ila kazi hiyo imesimama juu ya dhana moja ambayo vipeperushi haviitaji: kwamba kwa wakati mmoja unafika mwangwi mmoja tu. Bandarini sivyo. Kuna ukuta wa gati, kuna nguzo, kuna mabaki ya jahazi lililozama, kuna uso wa maji unaorudisha sauti. Miangwi miwili ikifika pamoja kutoka pande mbili, sonari ya jozi moja hutoa mwelekeo wa tatu, mahali ambapo hakuna kitu chochote, na hutoa jibu hilo kwa tarakimu zenye desimali mbili kama inavyotoa majibu yake sahihi. Hata kipande kimoja cha sakafu si kitu kimoja: kina changarawe, nyasi, vijiwe na makombe, na kila kimoja kinarudisha sauti yake. Vipokezi viwili vinakitazama kutoka sehemu mbili zisizo sawasawa, kwa hiyo havisikii mchanganyiko uleule. Kadiri mnavyoviachanisha ili kupata usahihi, ndivyo vinavyozidi kutofautiana katika vinachokisikia. Kelele hii imo ndani ya mwangwi wenyewe. Kuongeza nguvu ya mlio hakuiondoi.

Wenye sonari za miale mingi mtasema hayo ni ya wenzenu wa sonari za fezi, zinazotegemea jozi za vipokezi. Hapana, ninyi pia mmo. Kipeperushi chenu kinasema mwale una digrii 1, na mnunuzi anaondoka akiamini kwamba pembe inajulikana hadi digrii 1, au anaamini kinyume chake, kwamba digrii 1 ni kasoro. Yote mawili si kweli. Kwenye kina cha mita 4,000 mwale wa digrii 1 unafunika mita 70 chini ya meli; ukiuelekeza digrii 60 pembeni, doa lake kwenye sakafu tambarare linafika mita 280 kwa upana, hata kabla ya kuhesabu kwamba mwale wenyewe hunenepa ukiinamishwa. Ndani ya doa hilo mnaugawa mstari wa vipokezi mara mbili, mnatafuta pale ambapo fezi za nusu mbili zinalingana, na hapo mnapata katikati ya mwale kwa usahihi ulio sehemu ndogo ya upana wake. Ndogo kiasi gani? Inategemea nguvu ya mwangwi juu ya kelele na idadi ya sampuli zilizopita ndani ya mwale. Mna grafu za jambo hilo, kwa sababu msingeweza kuunda chombo bila kuwa nazo. Zitoeni.

Karibu na wima njia hiyo ya fezi inashindwa, kwa kuwa mwangwi wote unapita upesi mno, nanyi mnahamia kwenye kutafuta kilele cha nguvu. Mahali pa kuhamia panaonekana kwenye ramani kama mifereji miwili ya fujo inayokwenda sambamba na meli. Wapimaji wachanga huifuta kwa programu na kusonga mbele. Kisha kuna ule mwangwi mkali wa chini kabisa, unaopenya kupitia kingo za kila mwale na kujiandikisha kwenye mwelekeo usio wake. Mwaka 1986 Christian de Moustier na Martin Kleinrock walichapisha orodha ya kasoro za namna hii ndani ya data za Sea Beam, wakaonyesha jinsi ya kuzitambua na chanzo cha kila moja. Ilikuwa imepita miaka tisa tangu Jean Charcot. Walioifanya kazi hiyo walikuwa wanasayansi watumiaji. Ningependa sana ingefanywa na waundaji, kabla ya vilima visivyokuwapo kuingia katika ramani za jiolojia.

Niende bandarini, maana huko ndiko kosa la pembe linakoligusa tumbo la meli. Tuseme maji yana mita 15. Toleo la sita la kiwango cha S-44 cha Shirika la Kimataifa la Hidrografia, la mwaka 2020, linataka kipimo cha daraja maalumu kwenye kina hicho kisikosee zaidi ya sentimita 27, mara 95 katika kila mara 100. Sasa kichwa cha sonari kimefungwa kikiwa kimeinama kwa nusu digrii na hakuna aliyegundua. Kwenye pembe ya digrii 65 nusu digrii hiyo peke yake inatoa sentimita 28. Posho yote imekwisha, na bado hatujahesabu mawimbi, wala kupwa na kujaa, wala kosa la mahali. Na nusu digrii hiyo haiondoki kwa kurudia vipimo, kwa sababu kila mlio unakosea upande uleule. Ndiyo maana tunapita mstari mmoja kwenda na kurudi juu ya sakafu tambarare, tukatafuta mwinamo ambao vipande viwili vya ukanda vitalala kimoja juu ya kingine. Kazi hiyo inachukua saa chache za meli. Nimeona zabuni ambazo hazikuiwekea hata saa moja.

Maji nayo yana lao. Ili kuuelekeza mwale, chombo chenye vipokezi bapa kinahitaji kujua mwendo wa sauti palepale kichwani. Maji ya bahari yenye joto la digrii 28 na chumvi yake ya kawaida hubeba sauti kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde. Maji ya mto yenye joto hilohilo, kama mita 1,500. Wakati wa masika Rufiji inamwaga maji yake kuelekea Mafia, nayo yanatandaa juu ya bahari kama tabaka jembamba linalohama na mkondo. Ukikosea mwendo kwa mita 10 tu kwa sekunde, mwale wa digrii 60 umeelekea kando kwa zaidi ya digrii 0.6, na sakafu tambarare inajikunja kwenye kingo za ukanda. Kihisi kidogo kilichofungwa karibu na kichwa kinaondoa sehemu kubwa ya balaa hili. Katika bei zenu nyingi kihisi hicho kimewekwa chini ya vitu vya hiari. Ningewaomba mkiondoe huko. Sonari bapa isiyojua mwendo wa sauti mbele ya uso wake haijui inatazama wapi.

Kuhusu mrama sitasema mengi. Watengenezaji wa vihisi vya mwendo wa meli huandika usahihi wao waziwazi, digrii 0.02 au 0.05, na mnunuzi anachagua. Wao wameweza. Kwa nini ninyi msiweze?

Mtanijibu kwamba programu za kuchakata data hukokotoa shaka ya kila kipimo. Ni kweli, na msingi wake ni mzuri: mwaka 1995 Rob Hare, André Godin na Larry Mayer waliiandikia idara ya hidrografia ya Canada namna ya kujumlisha makosa yote, ya pembe, mrama, mwendo wa sauti na mahali, hadi kupata shaka moja ya kina. Brian Calder wa Chuo Kikuu cha New Hampshire akajenga juu ya wazo hilo njia ya kuchagua kina kwa kuzingatia shaka ya kila kipimo. Lakini tarakimu ya pembe inayoingizwa kwenye hesabu hizo mara nyingi hutoka kwenye jedwali mlilolitoa ninyi, tarakimu moja kwa chombo kizima au kanuni inayofuata pembe tu. Haijui kama mwangwi huu ulikuwa safi na ule ulikuwa umezama ndani ya kelele za rafadha. Mlio uliopita juu ya mchanga shwari na mlio uliopita katikati ya mapovu hupewa shaka moja. Mwaka 2010 Xavier Lurton na Jean-Marie Augustin wa Ifremer, taasisi ya bahari ya Ufaransa, walionyesha jinsi ya kukokotoa kipimo cha ubora kwa kila kina, kutoka kwenye mwangwi wenyewe, papo hapo. Baadhi yenu mmeipokea njia hiyo au inayofanana nayo, na hao nawashukuru. Wengine bado mnatuma alama ya 0 hadi 3 isiyo na kizio wala maelezo. Alama isiyo na kizio hatuwezi kuiingiza kwenye hesabu.

Na ile idadi ya vipimo mnayojivunia? Miale 432 ndani ya digrii 150, kila mmoja una digrii 1 na zaidi: majirani wanatumia vipokezi vilevile na mwangwi uleule kwa sehemu kubwa. Wakikosea, wanakosea pamoja. Mchakataji anayetafuta wastani wa majirani kumi akidhani ana mashahidi kumi, amepata labda watatu au wanne, na kipeperushi hakikumwambia.

Sikatai kwamba kuna kazi ambayo upana ndio wenye thamani. Ndege ya MH370 ilipopotea Machi 2014, sakafu ya kusini mwa Bahari ya Hindi ilikuwa inajulikana kwa makadirio ya setilaiti tu kwa sehemu kubwa. Ilibidi meli ipite kwanza na sonari ya miale mingi, ili sonari za kuvutwa kwa kebo ziweze kushushwa karibu na chini bila kupigwa na milima isiyojulikana. Eneo lililopekuliwa baadaye lilifika kilomita za mraba 120,000. Kwa ramani ya kwanza kama ile, kwenye mita 4,000, kosa la mita 12 linalotokana na digrii 0.1 kwenye pembe ya digrii 60 linavumilika kabisa. Upekuzi ulisitishwa Januari 2017 ndege haijaonekana. Kipande cha bawa lake kilikuwa kimeokotwa Pemba mwaka 2016, kikathibitishwa Septemba ya mwaka huo. Bahari ile ni hii yetu, na upana uliotumika kule ulikuwa sahihi kwa lengo lake. Mwenye kutafuta mlima na mwenye kutafuta jiwe linaloweza kutoboa meli gatini hawahitaji chombo kimoja, na mnapowauzia wote wawili kwa sentensi ileile mnamnyima wa pili haki yake.

Sasa ninyi waandishi wa zabuni. Mnalipa kwa kilomita ya mraba. Mpimaji anayekata ukanda wake kwenye digrii 60 ili alinde usahihi anamaliza siku akiwa na eneo dogo kuliko jirani anayeuacha ufike 75, na kwenye mita 15 za maji mnamlipa jirani zaidi ya mara mbili kwa kila mstari. Mmeweka zawadi juu ya kosa. Andikeni katika zabuni pembe ya mwisho inayokubalika, au andikeni daraja la S-44 kisha mdai lithibitishwe ukingoni, si katikati. Kuthibitisha si kugumu: meli ikatize mistari yake kwa pembe mraba, vipimo vya chini ya meli vilinganishwe na vya ukingoni mahali palepale, na tofauti zipangwe kwa pembe. Grafu hiyo moja iwe sehemu ya ripoti, na malipo yaisubiri.

Kwenu waundaji ninaomba mambo ambayo mnayo tayari. Chapisheni shaka ya pembe kwa kila pembe na kwa kila kiwango cha kelele, ikiwa imepimwa baharini na si ndani ya tangi peke yake. Pelekeni pamoja na kila kina shaka yake, kwa digrii au mita, iliyotoka kwenye mwangwi huo. Acheni fezi ghafi ihifadhiwe katika faili ambalo mtu mwingine anaweza kulifungua, kwa kuwa kina kilichokwisha kukokotwa hakiwezi kuulizwa upya. Na mtakapokuja tena na meli ya maonyesho, msituchagulie asubuhi tulivu ndani ya ghuba. Njooni wakati wa kusi, mkatize mfereji kati ya Pemba na bara, mara moja kwenda, mara moja kurudi, na mara moja kwa kukingama. Mkimaliza tupatieni data zote, pamoja na zile za ukingoni.

Wasalaam,

Mpimaji wa bahari, Tanga